Wino, Karatasi na Kamera

Msomaji wa tendi hashituki anapomkuta mtunzi, kabla kisa hakijaanza, akiagiza wino na karatasi. Ni ada kongwe ya fani hiyo. Akishamtaja Mola na kumsalia Mtume, mtunzi huomba aletewe karatasi ya Sham, wino mzuri na kalamu iliyochongwa, ndipo huingia katika vita, safari au wosia aliokusudia. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamwita bintiye asogee, anamweleza maradhi yaliyomshika, na anamtaka aketi mbele yake na vifaa vya kuandikia. Msikilizaji basi huipata nasaha pamoja na hali iliyoizaa: mama mgonjwa, binti, na karatasi baina yao. Na utendi unapofika ukingoni, mlango hufunguliwa tena. Mtunzi hujitaja jina na mji, aghalabu na mwaka na hesabu ya beti, na mara nyingi huwaomba wenye elimu watakaokuta kosa walitengeneze.

Ombi hilo la mwisho halitiliwi maanani inavyostahili. Wino unapotajwa, msikilizaji hukumbushwa kwamba maneno haya hayakushuka yenyewe, bali yametoka mkononi mwa mtu. Jina linapotajwa, hujua ni nani wa kudaiwa. Na mtunzi anapoomba kusahihishwa, huwa ameacha nafasi ya kudaiwa huko. Haijapata kusikika, Lamu wala Unguja, kwamba msikilizaji alilalamika ya kuwa wino ule umemharibia hadithi.

Ada hiyo yafaa kukumbukwa pindi izungumzwapo aina ya filamu za hali halisi ambayo wahakiki wa sinema huiita ya kujirejelea. Filamu ya kawaida ya hali halisi hufanya kazi yake kwa kujificha. Kamera haionekani, mwongozaji hatajwi ila katika orodha ya majina ambayo watu huisoma wakiwa wameshasimama, vipande vimeungwa bila mshono kudhihiri, na sauti yenye mamlaka, isiyo na mwili, hueleza kila kitu kutoka mahali pasipojulikana. Filamu ya kujirejelea huugeuza upande wa ndani wa nguo ukawa nje. Mpiga picha huonekana akipiga picha, mhariri huonekana na mkasi wake, na anayehojiwa huulizwa anajionaje kuhojiwa. Mmarekani Bill Nichols, katika kitabu chake cha mwaka 1991, aliihesabu kuwa moja ya namna nne za kutengeneza filamu za hali halisi, na kwa mujibu wake ndiyo inayomfanya mtazamaji aitilie shaka filamu yenyewe badala ya kuutazama ulimwengu kupitia humo kama kupitia dirishani.

Tangu hapo mtindo umesifiwa mno, na sifa zimezidi kiasi. Imekuwa kama kwamba kamera ikishaonekana katika picha, uaminifu umethibiti. Lakini kujionyesha si sawa na kujiweka wazi kwa kudaiwa. Kuna mtunzi anayetaja wino ili ajulikane, na kuna anayeutaja ili asifiwe uzuri wa wino wake, na filamu hizi zote mbili huitwa kwa jina moja.

Mfano unaotajwa kila mara ni ule wa Dziga Vertov, Mtu Mwenye Kamera, uliotoka mwaka 1929 katika Muungano wa Kisovieti. Ni filamu isiyo na maandishi ya kueleza wala wahusika wa kuigiza. Inaanza na ukumbi wa sinema ambao viti vyake vinajifungua vyenyewe kuwapokea watazamaji. Mpiga picha, Mikhail Kaufman, ndugu wa Vertov, anapanda bomba la moshi, analala kwenye reli, anasimama juu ya motokari inayokwenda kasi. Kati yake farasi anayekimbia anagandishwa ghafla, nyuso za watoto zinaganda vilevile, na mtazamaji anaonyeshwa picha hizo zikiwa vipande vya ukanda mkononi mwa mhariri, Elizaveta Svilova, mkewe Vertov. Anavipanga, anakata, anaunga, na nyuso zile zinarudi kuishi. Hakuna mahali pengine katika sinema ya kimya panapoonyesha kwa ufasaha zaidi kwamba uhai wa kiwamboni ni kazi ya mikono.

Ni wino mzuri sana. Lakini watu wa miji ile, Moscow, Kyiv na Odesa, waliopigwa picha wakiamka, wakifua, wakizaa na kuzikana, hawana neno. Mmoja ajifunika uso kwa mkoba asionekane, katika ofisi ya kuandikisha talaka, na kamera haijali. Vertov aliamini kwamba jicho la mashine ni bora kuliko la mwanadamu. Alikuwa akiisifu kamera, na haki ya aliye mbele yake haikumshughulisha. Filamu yake ni ya fahari, na fahari yake ni ya fundi.

Miaka saba kabla yake, Robert Flaherty alikuwa ametoa Nanook, filamu ya Wainuit wa kaskazini mwa Kanada, iliyokuja kuwa kigezo cha mtindo wa kujificha. Nyumba ya barafu ilikatwa nusu ili mwanga uingie. Wawindaji waliokwisha zoea bunduki walirudishwa kwenye chusa. Na Nanook mwenyewe hakuitwa Nanook, jina lake lilikuwa Allakariallak. Haya yote hayamo katika filamu. Hata hivyo Flaherty alizisafisha picha zake kulekule kwenye baridi na kuwaonyesha waliomo, wakaziona na kusaidiana naye. Ilikuwa adabu njema, ila nayo haimo katika filamu: ilibaki siri baina ya mgeni na wenyeji wake.

Mtu aliyeshika mikono ya wazee hawa wawili na kuiunganisha ni Mfaransa Jean Rouch. Alifika Niger mwaka 1941 akiwa mhandisi wa barabara, akageuka mwanaanthropolojia, kisha mtengeneza filamu, na alifariki kwa ajali ya barabarani nchini humohumo mwaka 2004. Kazi yake ndiyo mahali pa kuupimia mtindo huu, kwa mazuri yake na kwa lawama zake, na lawama zenyewe si ndogo.

Mwaka 1958 alitoa filamu kuhusu vijana wa Niger waliokwenda kutafuta riziki Abidjan, katika mtaa wa Treichville. Kamera yake haikuweza kunasa sauti pamoja na picha. Basi akamweka kijana mmoja wao, Oumarou Ganda, mbele ya picha zilizokwisha pangwa, akamwacha azisemee apendavyo. Ganda anajiita kwa jina la mwigizaji wa Marekani, Edward G. Robinson, anatania, anaota, analaani umasikini, na karibu na mwisho, ukingoni mwa wangwa, anasimulia vita vya Indochina alivyopigana chini ya bendera ya Ufaransa, akijitupa chini na kunyanyuka kama vile risasi zingali zikilia. Sauti isiyo na mwili, ile ya mamlaka, imeng'olewa na kupewa mwenye mwili.

Je, yatosha? Wapo waliosema haitoshi. Mwaka 1965, katika mazungumzo ambayo yangali yakitajwa hadi leo, mwandishi na mwongozaji wa Senegali, Ousmane Sembène, alimkabili Rouch uso kwa uso na kumwambia kwamba yeye na wenziwe wanawatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Rouch alijitetea kwa kusema kwamba mgeni huweza kuyaona yasiyoonwa na mwenyeji. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haikuwa jibu la shutuma. Sembène hakuuliza nani anaona vizuri zaidi. Aliuliza nani anamtazama nani, na kama anayetazamwa anaweza naye kutazama. Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka kwa Ganda mwenyewe. Alichukua kamera, na mwaka 1968 akatengeneza Cabascabo, kisa cha askari anayerejea nyumbani kutoka Indochina na fedha zinazokwisha upesi kuliko marafiki. Aliiongoza na kuigiza humo yeye mwenyewe. Vita alivyovisimulia kwenye filamu ya mtu mwingine alivirudia kwenye yake, na safari hii hakuazima jina la mwigizaji wa Marekani.

Wapenzi wa mashairi ya mwambao watalitambua jambo hili bila kufundishwa. Shairi la Muyaka lilipotoka Mombasa likafika Lamu, halikuhesabiwa kuwa limekamilika hadi lijibiwe, na jibu lilikuja kwa bahari ileile. Cabascabo ni jibu. Iliyokosekana katika filamu ya mwaka 1958 ni nafasi ya jibu ndani yake.

Nafasi hiyo Rouch aliitafuta Paris, katika kiangazi cha mwaka 1960, akishirikiana na Edgar Morin, mtaalamu wa elimu ya jamii. Filamu waliyoifanya, Chronique d'un été, yaani tarehe ya kiangazi kimoja, ilionyeshwa mwaka 1961. Wao wenyewe waliiita sinema ya ukweli, jina walilolitafsiri kutoka kwa Vertov. Nichols huiweka katika fungu jingine, la filamu za ushirikishi, na huo ni mgawanyo wa vitabuni usiofaa kumzuia mtu, kwani hakuna filamu iliyokwenda mbali zaidi katika kujiuliza imefanya nini.

Inafunguka kwa swali. Rouch na Morin wamekaa mezani na mwanamke kijana, Marceline Loridan, wanamuuliza kama ataweza kuzungumza kwa kawaida ilhali kamera iko mbele yake. Naye anajibu kwamba ana wasiwasi. Kisha anatoka na maikrofoni njiani, yeye na mwenzake, kuwauliza wapita njia kama wana furaha. Wengine wanakimbia. Wengine wanajibu kwa neno moja. Wachache wanasimama na kumwaga ya moyoni kwa namna ambayo haisikiki tena siku hizi, kwa kuwa hapo mtu alikuwa bado hajazoea kuelekezewa maikrofoni. Vyombo vyenyewe vilikuwa vipya: kamera nyepesi iliyokuwa bado ikijaribiwa, na kinasa sauti cha Nagra kinachochukulika begani. Nyuma ya yote vilikuwapo vita vya Algeria, vinavyojadiliwa mezani kwa tahadhari na kwa hasira.

Marceline ana namba mkononi. Wanafunzi wa Kiafrika walioalikwa, miongoni mwao Landry kutoka Pwani ya Pembe, hawajui namba ile ni ya nini, na kimya kinachofuata wakishaelezwa ni kizito kuliko maelezo. Mwaka 1944, akiwa msichana, alipelekwa Auschwitz-Birkenau pamoja na babake, na baba hakurudi. Katika sehemu mashuhuri kuliko zote za filamu hiyo, anatembea peke yake katika Paris iliyo tupu, kwenye uwanja wa Concorde na sokoni Les Halles, kinasa sauti kikiwa kwake, akizungumza na baba yule kwa sauti ya chini. Kamera inarudi nyuma ndani ya motokari, inamwacha anazidi kuwa mdogo chini ya paa la chuma la soko. Rouch na wenziwe hawakuweza kusikia alilokuwa akilisema. Chombo kilikuwa mikononi mwake, na maneno alichagua yeye, wakati waongozaji wamekuwa mbali wakisukuma gari.

Hapa ndipo swali la mtindo linapokuwa swali la mtu. Je, alikuwa akisema kweli au akiigiza? Chombo kisingekuwepo, maneno yale yasingesemwa. Baada ya miaka mingi, Marceline akiwa naye ametengeneza filamu zake, pamoja na Joris Ivens na peke yake, alichapa mwaka 2015 kitabu kizima cha kuzungumza na babake, kisha akafariki mwaka 2018. Kilichoanzia kwenye kinasa sauti cha watu wengine kilimchukua zaidi ya nusu karne kukimaliza. Wanaosema kwamba kamera huharibu ukweli kwa kuwepo kwake hawana budi waieleze hiyo nusu karne.

Lakini sehemu ya kutazamwa na kila mtengeneza filamu, na hasa wale wanaobeba kamera kwenda kwa watu wasio wa kwao, inakuja karibu na mwisho. Rouch na Morin wanawakusanya washiriki katika ukumbi, wanawaonyesha walivyopigwa picha, taa zinawashwa, na kamera inawageukia watoe maoni. Maoni ni makali. Mmoja anaona baadhi ya sehemu ni uongo mtupu. Mwingine anaona ni ukweli mtupu, na kwa hiyo ni aibu, kwani yapo mambo ya mtu yasiyofaa kuonyeshwa. Waliolia mbele ya kamera wanasikia wenzao wakisema kwamba wamejivua nguo hadharani. Hakuna anayewashukuru waongozaji. Kisha Rouch na Morin wanaonekana wakitembea huku na huko katika jumba la makumbusho, kati ya makabati ya vioo yenye vitu vilivyoletwa kutoka nchi za watu, wakijaribu kuelewa. Wanasema kwamba watu wamelaumiwa ama kwa kutokuwa wa kweli ama kwa kuwa wa kweli kupita kiasi. Morin, aliyedhani kila mtazamaji atawapenda wahusika kama anavyowapenda yeye, amevunjika moyo. Filamu inaisha wakiwa wamo matatani, na wanakiri hivyo.

Mtunzi wa utendi aliomba kusahihishwa na huku akiwa amekwisha weka kalamu chini. Rouch na Morin waliomba kalamu ikiwa bado ina wino, wakayaandika masahihisho ndani ya utendi wenyewe, pamoja na yale yaliyowauma. Ni kweli kwamba hata maoni hayo ya ukumbini yalipita mkononi mwa mhariri, na kwamba katika saa nyingi za picha ni dakika chache tu zilizobaki. Anayetaka usafi kamili hatoupata hapa. Lakini baina ya filamu isiyoweza kupingwa na filamu iliyopingwa ndani ya ngozi yake yenyewe, tofauti ni kubwa, na haitokani na kamera kuonekana. Kamera ya Vertov inaonekana zaidi.

Mtu aliyeusukuma mtindo huu hadi ukingoni ni Trinh T. Minh-ha, mzaliwa wa Vietnam anayeishi Marekani, aliyefundisha Dakar kabla ya kutoa Reassemblage mwaka 1982. Ni filamu ya dakika 40 iliyopigwa katika vijiji vya Senegali. Anakataa kusema juu ya watu. Anasema karibu nao. Picha zinakatika kabla hazijakamilika, sauti inapotea na kurudi, sentensi zinarudiwa zikiwa pungufu, na kila mara mtazamaji anapoanza kujiona amefahamu, ufahamu unaondolewa. Ni dawa kali kwa aliyelewa filamu za wasafiri. Hata hivyo wanawake wa vijiji vile, wanaosikika wakizungumza na kucheka, hawatafsiriwi. Sauti pekee yenye maana kwa mtazamaji wa mbali ni ya mtengeneza filamu, inayomweleza kwamba haina haki ya kueleza. Kuna unyenyekevu unaojaza chumba kizima hadi mwenyeji anakosa pa kukaa. Pengine mwanamke mmoja tu wa pale angaliulizwa picha zile anazionaje, angaliyasema kwa maneno matatu yale ambayo filamu inayazunguka kwa dakika 40.

Kwa msomaji wa visiwa hivi, suala hili haliko Paris wala Senegali tu. Mwaka 1966 Wataliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, walitoa Africa Addio, na ndani yake mna picha za Unguja za Januari 1964, zilizopigwa kutoka angani. Chini wanaonekana watu wakiwa kwenye misururu, makaburi yaliyochimbwa, miili, na watu waliokimbilia ufukweni. Mara nyingi hutajwa kuwa ndizo picha pekee za filamu za siku zile. Juu yake imewekwa sauti ya msimulizi, yenye kejeli na yakini, inayoyaeleza yote kama ushahidi kwamba Afrika ikiachwa na Wazungu haina ila kujichinja.

Filamu hiyo ilipingwa sana tangu ilipotoka. Jacopetti alishutumiwa kwamba katika Kongo watu waliuawa kwa kupangiwa wakati wa kamera. Kesi ilifunguliwa Italia naye akaondolewa hatia. Mwaka 1970 ilitolewa Marekani ikiwa imekatwakatwa na kupewa jina jingine, hata wenyewe wakaikana. Picha zilezile zilivishwa maneno mengine zikasema jambo jingine, na hilo pekee lingetosha kumfundisha mtazamaji asiiamini sauti ya juu.

Linalohusu makala haya ni jambo moja ambalo halitajwi sana. Africa Addio nayo inawaonyesha watengenezaji wake. Katika sehemu ya Tanganyika, siku za maasi ya wanajeshi, gari la wapiga picha linasimamishwa, kioo cha mbele kinavunjwa, wanavutwa nje, na kamera inaendelea kuzunguka. Msimulizi anaeleza jinsi walivyokaribia kuuawa na jinsi walivyookoka. Kwa kigezo cha vitabuni, hapa kamera imejitaja. Lakini imejitaja kwa ushujaa wake. Kile kioo kilichovunjika kimewekwa pale ili mtazamaji asiulize zaidi: watu walionusurika hivyo watadanganyaje? Wino umeonyeshwa, jina limeonyeshwa, na nafasi ya kusahihisha imefungwa kwa msumari. Wale wa chini ya ndege hawana sauti, hawana jina, na hapana katika filamu nzima mahali ambapo mmoja wao anaulizwa lolote.

Ndiyo maana picha zile zimekuwa mzigo usiotulika. Wapo wanaozitazama kama hati isiyopingika, na hufumbia macho sauti iliyozibeba. Wapo wanaozikataa zote kwa sababu ya waliozipiga, na hukataa pamoja nazo watu waliomo. Hizi zote ni njia mbili za kutozitazama. Filamu isiyokubali kujibiwa huwaachia watu wake ugomvi badala ya mazungumzo, na ugomvi huo umeshadumu kuliko waongozaji wenyewe.

Yaliyotokea Mwanza baada ya mwaka 2004 yana sura hiyohiyo kwa udogo. Filamu ya Hubert Sauper kuhusu sangara, ndege za mizigo na mapanki yanayoanikwa juani ilisifiwa Ulaya na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, kisha mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akailaani hadharani. Sauti ya Sauper inasikika humo akiuliza maswali, wala hakujificha kwa ujumla wake. Ila hapana ndani yake ukumbi wa mwisho, mahali ambapo yule mama anayegeuza mapanki kwenye vichanja anaketi na kuambiwa: hivi ndivyo ulivyoonyeshwa, unasemaje? Jibu basi lilitoka kwa serikali na magazeti, na halikuwa lake.

Wanaohudhuria tamasha la filamu la nchi za jahazi katika Ngome Kongwe, lililoanza mwaka 1998, wameshaona vijana wa mwambao wakileta filamu ambazo kamera hutetemeka kwa makusudi na mwongozaji hujipiga picha kwenye kioo. Zinapigiwa makofi. Lingefaa makofi zaidi jambo jepesi kuliko hayo na gumu kuliko hayo: mmoja achukue zile dakika chache za angani, azizime sauti ya Mtaliano, aweke kiwambo ukutani katika nyumba ya mtu, na kamera aielekeze kwa anayetazama. Aulize huyo anaona nini, ni pwani ipi ile, mti ule ungalipo, na nani alikuwa naye siku hiyo. Na akiambiwa zima, azime, na kuzima kubaki ndani ya filamu. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 Januari ile amekwisha pindukia 80.